Mayotte: majirani zetu waliokataa uhuru wakawa mkoa wa Ufaransa

Kila tukifanya kipindi cha elimu kwa umma kuhusu visiwa vya Bahari ya Hindi, swali la Mayotte halikosi. Ni koloni au ni Ufaransa yenyewe? Ukiuliza Moroni, mji mkuu wa Komoro, utaambiwa ni kisiwa cha Komoro kimekaliwa kimabavu, ukivuka bahari ukauliza Mamoudzou, mji mkubwa wa Mayotte, wengi watakujibu sisi Wafaransa na tulipiga kura wenyewe, tena sio mara moja.

Maore, kama wenyewe wanavyoiita, sultani Andriantsoly aliwauzia Wafaransa mwaka 1841, visiwa vingine vitatu vya Komoro, Ngazija na Nzwani na Mwali, vikafuata miaka mingi baadaye, mwishowe vyote vinne vikatiwa kapu moja. Balaa likaanza miaka ya 60 makao makuu yalipohamishwa toka Dzaoudzi, huko Mayotte, kwenda Moroni, kazi za serikali zikaondoka nayo. Waliokasirika zaidi ni kina mama. Wakiongozwa na Zena M'Déré walikuwa wakisikia kiongozi katumwa toka Moroni wanamzunguka, wanamtekenya mpaka anashindwa kuongea, anaona bora arudi alikotoka. Usicheke, ile ilikuwa siasa kabisa, na mama umshtaki kwa kosa la kutekenya unaanzia wapi?

Desemba 1974 ikaja kura ya uhuru. Kwa jumla karibu asilimia 95 walisema ndio, ila Mayotte zaidi ya asilimia 60 walikataa, na Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Hapo ndo kesi yote ilipo. Komoro ikatangaza uhuru Julai 6, 1975, Umoja wa Mataifa ukaipokea kama nchi ya visiwa vinne, Februari 1976 Ufaransa ikapiga veto kwenye Baraza la Usalama azimio lililoitaka isifanye kura nyingine Mayotte, na siku hizohizo Mayotte ikapiga kura tena, zaidi ya asilimia 99 wakasema tunabaki.

Kubaki kama nani sasa? Kwa miaka mingi kilikuwa kitu cha katikati, si mkoa wala si nchi. Mwaka 2001 kikapandishwa kidogo, Machi 2009 asilimia 95 wakakubali kuwa mkoa kamili, na Machi 31, 2011 kikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. 2014 kikaingia Umoja wa Ulaya.

Mimi naona utamu wa habari uko majumbani zaidi. Tuseme kuna mzee anaitwa Ali Saidi, Saidi ni baba yake, binti yake anaitwa Fatima Ali, kwetu huku pwani hakuna wa kushangaa. Afisa wa Kifaransa yeye anaona baba na mtoto hawana jina la ukoo moja, faili haliendi. Ikabidi iundwe kamisheni ya kurekebisha vyeti, watu wazima wakatakiwa wachague jina la ukoo. Makadhi nao, waliokuwa wanaamua ndoa na mirathi, tangu 2010 hawana tena nguvu ya hakimu, wamebaki wapatanishi. Kuoa mke wa pili marufuku. Na pamoja na yote hayo, posho ya watu wa kipato cha chini ilibaki kama nusu ya ile ya Ufaransa bara, yaani wajibu umefika kamili, haki ziko njiani.

Halafu kuna bahari. Nzwani iko kilomita 70 tu, watu ni ndugu, wanaoana toka enzi. Tangu 1995 Mkomoro anatakiwa viza kuja Mayotte, asiye nayo anapanda kwasakwasa usiku, boti ya uvuvi imejaa kupita kiasi, na wengi wamezama humo.

Mwaka 2025, baada ya kimbunga Chido cha Desemba 2024 kubomoa mitaa ya mabati, Paris ikapitisha sheria ya kulinganisha mafao na bara ifikapo 2031. Mwaka huohuo ikakaza sheria ya uraia: mtoto aliyezaliwa Mayotte na wazazi wageni, ili kuzaliwa pale kumsaidie baadaye kupata uraia wa Ufaransa, wazazi wote wawili wawe walikuwa na vibali halali mwaka mzima kabla hajazaliwa. Akizaliwa Marseille, huko Ufaransa bara, sharti hilo hana.