Kashata Hazishiki Lami

Jumamosi nimempata mwingine anayeamini kashata, vile vipande vya mpira vilivyochongwa usoni mwa tairi, ndizo zinazoshika lami. Kashuka kwenye Noah, kayapita matairi yangu akiyabonyeza kwa dole gumba kama anayechagua maembe, akasimama kwenye yale ya matope. "Fundi, nifungie haya. Kashata zimeenda chini, yatashika lami balaa." Gari lenyewe ni la Mbagala kwenda Posta na kurudi, lami tupu.

Jamani, mtaro kati ya kashata ni pengo, na pengo haligusi kitu. Kinachoshika lami kavu ni mpira. Kila mtaro unaochongwa unaupunguza. Formula 1 walilazimisha mitaro kwenye matairi ya lami kavu kuanzia 1998 hadi 2008, makusudi kabisa, ili magari yapunguze kasi kwenye kona. 2009 wakarudisha vipara, matairi yasiyo na mtaro hata mmoja.

Imani hii najua inakotoka: kwenye matope. Huko kashata inazama, inang'ata udongo, na mapengo mapana yanatema tope tairi likizunguka. Aliyekulia barabara za vumbi na utelezi hajakosea. Ila lami haing'atiki. Ukikanyaga breki, kashata ndefu inapinda kwanza, kama meno ya kitana, ndipo ishike. Usukani unakuwa mlegevu, tairi linapata joto, linavuma njia nzima. Ndiyo maana tairi lililolika nusu mara nyingi linasimamisha gari mapema kuliko jipya kwenye lami kavu. Nikisema hivi naangaliwa kama nimelewa asubuhi. Nimesema kavu! Usinirudie na kipara wakati wa masika.

Maana kazi ya mitaro ni maji. Ile inayozunguka tairi inayabeba, ya pembeni inayatoa. Jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ulaya mwisho kisheria ni 1.6, ndiyo vile vinundu vya TWI ndani ya mtaro, alama ya kuonyesha tairi limelika. Mimi kwenye 3 nakwambia anza kutafuta hela. Lenye mshale ubavuni lifungwe lizunguke kufuata mshale. Na kashata zisizolingana ukubwa si kasoro ya kiwandani, zimepangwa hivyo ili kelele isiwe mluzi mmoja.

Kuna jambo linanikereketa hata mimi. Mwaka 1963 Horne na Dreher wa NASA walitoa kanuni ya kasi ambayo tairi linaanza kuelea juu ya maji. Ndani yake hakuna mtaro hata mmoja, kuna upepo tu. Upepo wa psi 32 unakupa kama kilomita 94 kwa saa. 20, kama 75. Kanuni ilitokana na matairi ya ndege, na inahusu maji yaliyokwisha kuizidi mitaro, kwa hiyo haisemi kina hakina maana. Kabla ya hapo kina ndicho kinachokuokoa. Lakini ile michoro ya radi na makucha ya chui? Nashuku nusu yake ni urembo wa kuuzia, na mimi huyuhuyu nayauza.

Yule wa Noah nilimpima upepo kabla ya kubishana. Nyuma kulia, 19. Mbele zote mbili, 22. Nikamjazia, akanilipa, akasema ya matope atayafuata mwisho wa mwezi.