Ruzuku ya vyombo vya umeme: yanayosemwa vijiweni Dar na hali ilivyo

Kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei mpya za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, mjadala wa vyombo vya umeme hufufuka Dar es Salaam. Wa bodaboda anapiga hesabu ya lita, wa bajaji analinganisha na gesi, mwenye gari dogo la Toyota IST anauliza kwa nini serikali isitoe chochote ili gari la umeme lishuke bei. Hakosekani wa kumjibu kwamba kodi za wananchi si za kununuliana magari. Katika kujibizana huko hupita maneno mengi yasiyo sahihi, ya wanaoitaka ruzuku na ya wanaoikataa. Msimamo wangu nausema mapema: nisingetoa shilingi ya umma kumpunguzia bei mnunuzi wa gari binafsi la umeme, ila ningetoa kwa ajili ya pa kuchajia, tena kwa kuanza na pikipiki na bajaji.

"Usafiri ujiendeshe wenyewe, serikali isitie mkono"

Mkono umeshatiwa zamani. Mei 2022, mafuta yalipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza, serikali ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, na ruzuku hiyo ikaendelea kwa miezi kadhaa. Ilituliza bei wakati mgumu, sitaibeza. Lakini fedha zile ziliungua barabarani, hazikuacha kituo wala nguzo. Treni ya SGR nayo, inayokwenda Dodoma kwa umeme tangu 2024, haikujengewa reli kwa fedha za tiketi. Kwa hiyo mjadala wa kama serikali iguse usafiri umepitwa na wakati. Cha kujadili ni iguse wapi.

"Ruzuku ni serikali kukununulia gari"

Mara nyingi hakuna fedha inayotoka mfukoni mwa mtu kwenda kwa mwingine. Kuna kodi isiyodaiwa. Norway, ambayo kila mtu huitaja, iliyaondolea magari ya umeme kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, na huku ikiyabana ya petroli kwa kodi nzito. Mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. (Norway hiyo hiyo ni muuzaji mkubwa wa mafuta na gesi nje. Ana cha kusamehe anayesamehe.)

Karibu na kwetu njia zimekuwa tofauti. Rwanda iliondoa kodi kadhaa mwaka 2021, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme pekee. Kenya mwaka 2023 ilipanga bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku. Ethiopia ilikata mzizi kabisa: mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Hatua ya Kenya ndiyo ningependa tuitazame kwa makini, maana haimpi mtu gari. Inashusha gharama ya kulitembeza na kuhamishia mzigo saa ambazo mitambo ina nafasi.

"Umeme wenyewe wa kuungaunga, tukichaji na pikipiki si tutarudi gizani?"

Hofu hii ina historia. Mgao wa 2023 haujasahaulika, na mwenye saluni au mashine ya kusaga hahitaji kukumbushwa. Ila upande wa uzalishaji umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Machi 2024, mitambo mingi ikiwa bado haijawashwa, baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji.

Sasa tupige hesabu. Bodaboda inayozunguka mjini kilomita 120 kwa siku, ikiwa ya umeme, hutumia kama uniti (kilowati-saa) nne hadi tano. Tuseme zipo laki moja, zote zinachaji kila siku uniti tano. Hizo ni uniti 500,000. Zikichajiwa zote ndani ya saa sita za usiku, mzigo wake ni megawati 83 hivi, haufiki nusu ya mtambo mmoja wa Rufiji.

Tatizo lililobaki liko mtaani. Umeme unaweza kujaa Rufiji na bado transfoma ya Mbagala ikashindwa saa moja jioni, friji na feni zote zikiwa zimewashwa. Pikipiki thelathini zikichomekwa kwenye laini hiyo kwa wakati mmoja, watu wataona taa zikififia na watajua wa kumlaumu. Hapo fedha ya umma ina kazi ya wazi: kuimarisha transfoma na laini mahali ambapo vyombo vinakusanyika. Ni kazi isiyo na sherehe za uzinduzi, ndiyo maana husahaulika.

"Mwenye chombo cha umeme atachaji kwake, vituo vya nini?"

Maneno haya yametoka kwenye nchi ambako mtu ana nyumba, geti na sehemu ya gari yenye soketi. Kwa mkazi wa Masaki au Mbezi Beach yana ukweli. Kwa dereva wa bodaboda aliyepanga chumba Manzese au Tandale hayana.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ni ya kuchangiana, na ugomvi wake unajulikana: nani ana jokofu, nani anapigia pasi nguo za familia nzima. Aingie mpangaji na betri ya pikipiki inayokula uniti nne kila usiku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 104. Ikiwa nyumba hiyo iko kwenye kundi la matumizi madogo, linalonunua uniti kwa takriban shilingi 122, sharti ni kutovuka uniti 75 kwa mwezi. Betri peke yake imeshalivuka. Ikiendelea hivyo, nyumba nzima itahamia kundi la kawaida, takriban shilingi 356 kwa uniti, na bibi wa chumba cha mbele mwenye taa mbili na redio atalipa karibu mara tatu kwa ajili ya pikipiki asiyoipanda. Mwenye nyumba hatasubiri mwezi wa pili kutoa katazo.

Mchana nako hakuna nafuu. Dereva mwenye pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu ya tajiri kila siku. Kukaa saa tatu pembeni ya soketi ni kukosa abiria wa asubuhi au wa jioni, na tajiri hapokei maelezo ya betri. Ndiyo sababu mtindo wa kubadilisha betri unawafaa zaidi: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika chache umeondoka.

Kasoro ya mtindo huo ni kwamba kila kampuni inaweza kuja na betri yake, isiyoingia kwenye pikipiki ya mwenzake, na dereva akafungwa kwa muuzaji mmoja hata akipandishiwa bei. Kama serikali inatoa eneo, inasamehe kodi ya betri au inavuta laini ya umeme hadi kituoni, basi idai kitu: betri za umbo na plagi za aina moja, na kituo kinachohudumia yeyote. Soko likiachwa lenyewe halitakubaliana hivyo, kwa sababu anayemfunga mteja ndiye anayefaidi.

"Pikipiki ya umeme bila ruzuku hailipi"

Kwa matumizi ya kila siku, inalipa. Ya petroli kwa kilomita zile zile 120 inakunywa lita mbili na nusu hadi tatu. Lita ikiwa shilingi 2,900, ni kati ya 7,200 na 8,700. Uniti nne au tano kwa 356 hazifiki 1,800. Kinachomkwamisha dereva ni bei ya betri anapoanza na kukosa pa kuchajia. La kwanza mkopo wenye riba ya kibinadamu unalitatua, kwa sababu fedha ya kulipa inatoka kwenye mafuta yasiyonunuliwa. La pili dereva hawezi kulitatua peke yake hata awe na nidhamu ya namna gani. Mwekezaji naye anasita, kwa kuwa kituo cha kwanza mtaani hukaa muda mrefu bila wateja wa kutosha. Pengo hilo ndilo halali ya fedha ya umma.

"Tushushe bei ya vyombo, vituo vitafuata vyenyewe"

Aliyewahi kupanga foleni ya gesi Ubungo ana jibu tayari. Bajaji na teksi zilifungwa mitungi kwa kasi kwa sababu gesi ni nafuu, na vituo vikaachwa nyuma. Mtu akawa anaokoa fedha ya mafuta na kuipoteza kwa saa za kusubiri.

Upande wa pili nao una onyo. Marekani ilipitisha mwaka 2021 sheria iliyotenga dola bilioni 5 kwa vituo vya kuchajia kandokando ya barabara kuu, na kituo cha kwanza cha mpango huo kilifunguliwa Ohio Desemba 2023. Miaka miwili ikaishia kwenye makaratasi na vibali. Kutenga fedha za vituo ni jambo moja, na kupata soketi inayotoa umeme ni jingine.

"Ruzuku ikiondolewa tu, biashara inakufa"

Inategemea inavyoondolewa. Ujerumani iliikata ghafla ruzuku ya ununuzi Desemba 2023, na mauzo ya magari ya umeme yakashuka kwa asilimia 27 mwaka uliofuata. China iliimaliza ruzuku yake ya kitaifa ya ununuzi mwisho wa 2022, baada ya kuipunguza taratibu kwa miaka, na mauzo yakaendelea kupanda.

"Gharama ya ruzuku ni ile inayosomwa bungeni"

Hapa wanaoitetea ruzuku, nami nikiwemo, huwa tunapita haraka. Barabara zetu zinatengenezwa kwa tozo inayokatwa kwenye kila lita. Na mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa, haikupotea, iliingizwa kwenye kodi ya mafuta. Maana yake chombo cha umeme kinapita Barabara ya Morogoro bila kuichangia kwa njia hizo. Kikiwa kimoja si neno. Vikiwa laki moja, Mfuko wa Barabara utaliona pengo.

New Zealand ilianza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita mwaka 2024. Kwetu njia rahisi ipo tayari, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Mita za vituo vya kuchajia zinaweza kubeba tozo ndogo ya barabara kwa kila uniti, ianze sifuri kwa miaka michache na ipande kwa ratiba inayotangazwa tangu siku ya kwanza, ili mwenye kituo na dereva wote wajue. Ikisubiri hadi vyombo viwe vingi, kila atakayeigusa ataambiwa anawaonea bodaboda, na mwaka wa uchaguzi hakuna atakayethubutu.