Mfumo huria au mfumo miliki: serikali inachagua nini hasa kwenye tovuti yake?

Anayefungua tovuti ya halmashauri kutafuta majina ya walioitwa kwenye usaili hajali ukurasa ule umetengenezwa kwa kutumia nini. Anayejali ni afisa habari aliyeupandisha. Hakuandika msimbo, yale maagizo ambayo programu hutengenezwa nayo, hata mstari mmoja: aliingia kwa nenosiri lake, akaandika kichwa cha habari, akaambatisha PDF, akabofya "Chapisha". Programu iliyopokea andiko hilo na kuligeuza kuwa ukurasa ndiyo mfumo wa kusimamia maudhui.

Mifumo hii iko ya aina mbili. Mfumo huria msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuukagua, kuubadili na kuusambaza. WordPress, Drupal na Joomla ziko kundi hili, zote chini ya leseni ya GPL. Mfumo miliki ni mali ya kampuni: unalipia haki ya kuutumia, msimbo unabaki kwa mwenyewe. Sitecore na Adobe Experience Manager ni za huku, na bei zake huzioni zimebandikwa popote. Mpaka uzungumze na muuzaji kwanza.

Wengi huishia hapo: huria ni bure, miliki ni hela. Sikubaliani na hesabu hiyo. Katika mfumo huria kilicho bure ni leseni tu. Seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inalipiwa, anayeujenga analipwa, na anayeulinda alipwe pia, ingawa huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika kwenye bajeti. Swali la maana ni jingine: siku mkikosana na aliyewatengenezea, nani anaondoka na nini?

Kisa cha Joomla kinalijibu vizuri. Mwanzoni kulikuwa na mfumo ulioitwa Mambo, ambao jina lake lilimilikiwa na kampuni ya Miro ya Australia. Agosti 2005 watengenezaji wake walikosana na kampuni hiyo juu ya nani awe na kauli katika uendeshaji wa mradi. Jina lilikuwa la kampuni, hawakuweza kuondoka nalo. Lakini msimbo ulikuwa chini ya GPL, kwa hiyo waliuchukua wote kihalali, wakaupa jina jipya lililotokana na neno letu "jumla", na Septemba mwaka huohuo toleo la kwanza likatoka. Mwenye tovuti ya Mambo alikuwa na pa kuhamia, tena bila kuanza upya, kwa sababu toleo hilo lilikuwa karibu Mambo ileile yenye jina jingine.

Linganisha na Microsoft. Huduma yao ya SharePoint Online ilikuwa na sehemu ya kujengea tovuti za umma. Kampuni ikaamua kuachana nayo: kuanzia Machi 2015 wateja wapya hawakuipata tena, na waliokuwa nayo wakapewa muda wa kutafuta kwingine. Ni haki yao, bidhaa ni yao. Ila hakukuwa na mtu wa nje ambaye angeweza kuuchukua msimbo na kuuendeleza.

Upande wa usalama, mfumo huria una ugumu wake. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal walitangaza tundu kubwa la usalama pamoja na kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba. Baadaye timu yao ya usalama ikasema tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikuwa imezibwa ndani ya saa saba tangu tangazo ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Kwa saa za Afrika Mashariki, muda huo uliisha saa nane usiku. Taja halmashauri yenye afisa TEHAMA anayeamka saa hiyo kusasisha tovuti! Mifumo miliki nayo ina matundu, na wa kuyaziba ni kampuni peke yake, lakini angalau mkataba unaweza kutaja nani anawajibika. Kwenye huria, usipompa mtu kazi hiyo kwa jina na mshahara, haina mwenyewe.

Ndiyo maana napenda walivyofanya Australia. Mwaka 2015 Wizara ya Fedha ya serikali yao kuu ilianzisha GovCMS, jukwaa moja lililojengwa juu ya Drupal, taasisi za umma zikawa zinajiunga. Kiraka kikitoka, msingi wa pamoja unasasishwa mahali pamoja, badala ya kila taasisi kuhangaika kivyake. Tanzania tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa meno na sheria ya 2019, na kwa halmashauri ndogo sioni njia nyingine ya maana kuliko hiyo ya kubebana.

Mfumo miliki ningeuchagua kwa taasisi yenye mifumo mingine ya kampuni hiyohiyo na fedha za leseni kutoka bajeti yake, si za mradi wa mfadhili. Mradi ukiisha, ankara ya mwaka haiishi.

Kuna mtego mwingine, nao unawanasa hata waliochagua huria. Mzabuni anajenga kwa WordPress, kisha seva inakuwa kwa jina lake, akaunti kuu ya msimamizi anabaki nayo yeye, na vipande alivyoandika mwenyewe havikabidhiwi. Hapo uwazi wa WordPress haukusaidii kitu. Mkataba utamke kwamba akaunti kuu, jina la kikoa (anwani ya tovuti), msimbo wote ulioandikwa kwa kazi hiyo na nakala kamili ya hifadhidata ni vya taasisi. Kwenye WordPress habari zote hukaa katika jedwali ambalo kwa kawaida huitwa wp_posts, na fundi yeyote anayeujua mfumo huo anaweza kulisoma. Ila sharti uwe nalo.

Kabla ya kusaini, ukiwa unanunua huria au miliki, mwombe mzabuni achukue nakala ya tovuti ya majaribio na kuiwasha kwenye seva nyingine mbele ya afisa TEHAMA wenu. Angalieni ni nini kinakataa kuwaka, na ni nani inabidi apigiwe simu ili kiwake.