Wingi wa Hisa Si Kinga

Wengi huamini kwamba mwenye hisa za kampuni 20 yuko salama kuliko mwenye hisa za kampuni 5. Zote 20 zikiwa benki, usalama huo haupo: wakopaji wakishindwa kulipa, zitayumba pamoja.

Kinachopunguza hatari ni jinsi bei zinavyopishana katika kupanda na kushuka. Kipimo chake ni uwiano, unaoanzia -1 (bei huenda kinyume kabisa) hadi +1 (huenda pamoja kabisa); 0 ni kutohusiana. Chukua hisa mbili, kila moja ikiwa na mtikisiko (kiwango cha kupanda na kushuka kwa thamani) wa asilimia 20 kwa mwaka, ugawe fedha nusu kwa nusu. Uwiano ukiwa 0.9, mtikisiko wa mkoba mzima, yaani hisa zote mbili kwa pamoja, hushuka hadi asilimia 19.5 tu, umenunua hisa ya pili karibu bila faida ya kinga. Ukiwa 0, hushuka hadi takriban 14. Mwanauchumi Mmarekani Harry Markowitz aliieleza hesabu hii mwaka 1952, na inasikitisha kwamba bado watu huhesabu majina ya kampuni.

Ila uwiano hupimwa kwa bei zilizopita, nao hubadilika. Mwaka 2008 masoko ya hisa duniani yaliporomoka kwa pamoja, huku hatifungani za serikali ya Marekani zikipanda thamani.