Sponji ya chujio isitakate: dhana potofu za wafugaji wa samaki wa mapambo

Jumapili iliyopita nilipigiwa simu kabla hata sijanywa chai. "Fundi, samaki wamepanda juu wote, wanahema. Na chujio nimeliosha jana tu, limetakata kabisa!" Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Nilichukua ndoo mbili, vichupa vyangu vya kupimia maji na sponji moja chafu niliyoichomoa kwenye tangi langu la nyumbani, nikapanda bodaboda kwenda Mwanga, hapahapa Kigoma.

Tangi lilikuwa la lita 300, limepangwa mawe vizuri kama mwamba wa ziwani. Ndani mlikuwa na duboisi kumi na sita, samaki wa miamba ya Ziwa Tanganyika, bado wadogo, weusi wenye madoa meupe. Saba walikuwa wamekufa. Tisa waliobaki walijipanga chini ya uso wa maji, matamvua yakipiga haraka haraka. Nikachota maji kidogo kwenye kichupa, nikatia matone ya kipimo cha amonia. Maji yakiwa salama, rangi hubaki njano. Yale yaligeuka kijani hata sijamaliza kutikisa.

Sponji zote mbili pamoja na vigae vya chujio, vile vipande vigumu vyenye vitundu, vilikuwa vimesuguliwa kwa brashi chini ya bomba, siku moja, vyote. Ukivishika unadhani vimetoka dukani asubuhi ile.

Hii ni mara ya nne mwaka huu, na kila mara mwenye tangi ni mtu makini. Mzembe huacha sponji yake miezi mitatu na samaki wake wanaishi. Anayeumia ni yule anayeamka mapema, anakunja mikono ya shati na kusugua. Ndiyo maana naandika.

DHANA: Chujio safi ni lile lililooshwa mpaka maji yake yatoke meupe.

Chujio la tangi halifanani na chujio la chai. Chujio la chai kazi yake ni kushika majani. Chujio la tangi hushika uchafu unaoonekana, ndiyo, lakini hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Kazi kubwa inafanywa na bakteria walioganda kwenye kila tundu la sponji, kwenye kila kigae, na kwa kiasi fulani kwenye mawe na mchanga. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua muda wote, hata asipokula. Chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi wa kutosha. Wanaishi pale walipojishika. Ule utelezi wa kahawia unaoupiga brashi ndio wao wenyewe.

Sasa weka bomba juu yake. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, lakini yametiwa klorini ili yasituletee maradhi, na klorini haichagui bakteria wa kuua. Wapo wanaoniambia, "Mbona mimi huwa nasuuza bombani na samaki wapo?" Inawezekana. Ukisuuza kidogo, klorini ikiwa ndogo siku hiyo, baadhi ya bakteria watabaki. Lakini ukisugua na kukamua mpaka maji yawe meupe, wale ambao klorini haikuwaua umewatoa kwa mkono wako na kuwamwaga kwenye karo. Na hawarudi kesho. Ni viumbe wanaozaana polepole mno. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuwapata wa kutosha. Umelirudisha tangi lako kwenye siku ya kwanza, safari hii likiwa na samaki kumi na sita ndani.

Hapa Kigoma kosa hili ni baya kuliko kwingine, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Amonia majini huwa katika sura mbili: moja ni sumu kali, nyingine si kali hivyo. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, yaani kipimo cha asidi au magadi ya maji, na joto pia. Maji ya nyuzi 25 yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika ile sura ya sumu. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Na maji ya Ziwa Tanganyika pH yake inakaribia 9! Huyo unayemwona kwenye video huko ughaibuni akiosha sponji yake bombani, huenda anafuga samaki wa mito ya Amazoni kwenye maji ya pH 6.5. Kiasi kilekile cha amonia ambacho kwake ni usumbufu, kwako ni msiba wa usiku mmoja. Ziwani samaki hawa wana maji yenye kina cha hadi mita 1,470 ya kuizimua amonia yao. Kwako wana lita 300 na sponji mbili.

Basi osha hivi. Siku ya kubadilisha maji, toa maji ya tangi kwenye ndoo. Tumbukiza sponji moja, ikamue mara mbili au tatu, itoe. Maji ya ndoo yawe kama chai ya rangi, na sponji yenyewe ibaki ya kahawia. Irudishe. Sponji ya pili ngoja wiki mbili au zaidi. Vigae usiviguse, ila kama matope yamevifunika kabisa, navyo uvisuuze kwenye ndoo hiyohiyo. Usioshe kwa kufuata kalenda. Osha unapoona mtiririko wa maji umepungua. Maji ya ndoo imwagie michungwa yako, yana mbolea.

Kama kosa umeshalifanya, acha kulisha mara moja. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa na ya tangi, na urudie kesho kipimo kikidai. Ongeza jiwe la hewa, lile linalotoa vipovu. Kisha tafuta mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, umwombe sponji yake chafu uiweke kwenye tangi lako. Ile niliyobeba kwenda Mwanga ndiyo kazi yake ilikuwa hiyo. Niliikamulia mlemle tangini, maji yakachafuka, mwenye nyumba akashika kichwa. Wale tisa wapo mpaka leo. Jambo moja usifanye: usitie limau wala siki kushusha pH. Nimelikuta hilo mara mbili. Samaki hawa hawavumilii pH inayoyumba, utawaua kwa njia nyingine.

DHANA: Usiku samaki wamelala, zima pampu upunguze umeme.

Hapana. Bakteria hawalali. Wanahitaji oksijeni saa zote kufanya kazi yao, na oksijeni wanaipata kwa maji yanayopita kwenye sponji. Maji ya joto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na maji yetu ni ya joto mwaka mzima. Kama una majani ya majini au mwani mwingi, navyo usiku vinavuta oksijeni hiyohiyo waliyo nayo samaki.

Hatari zaidi ni chujio la kopo, lile lililofungwa pembeni au chini ya tangi. Maji yakisimama ndani yake saa kadhaa, bakteria wanamaliza hewa iliyomo na kuanza kufa, uchafu unaoza bila hewa. Asubuhi ukiwasha, uozo wote unasukumwa tangini. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, usikimbilie kuwasha unaporudi. Fungua kopo kwanza, unuse. Likinuka yai viza, mwaga maji yake na suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe.

Mimi kwa tangi la hapa kwetu nashauri sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa kabla ya kopo lolote la bei kubwa. Kopo ni zuri, silipingi. Lakini pampu ndogo ya hewa inakula umeme kidogo sana, ipo ya kutumia betri kwa siku ambazo umeme unasumbua, na sponji yenyewe ikizimika ipo wazi majini, haifungiwi ikaoza. Wateja wangu waliokubali hili huwa hawanipigii Jumapili asubuhi.

DHANA: Nikiweka skima, kile kifaa cha kutoa taka kwa povu, sihitaji chujio jingine.

Hili limeanza kushika kasi tangu watu waanze kutazama video za matangi ya matumbawe. Kijana mmoja wa Bangwe aliagiza skima kupitia ndugu yake, akaifunga kwenye tangi la frontosa, nao ni samaki wa Tanganyika, akasubiri povu siku nne. Halikuja. Akaniita nitengeneze. Skima yake ilikuwa nzima kabisa.

Skima inasukuma vipovu vidogo mno kwenye bomba lililojaa maji. Taka za protini na mafuta hunata kwenye ngozi ya kipovu, zinapanda nacho na kumwagika kwenye kikombe cha juu. Ili ifanye kazi, vipovu lazima vibaki vidogo na vingi. Maji ya bahari, yenye kama gramu 35 za chumvi kwa lita, yanavizuia vipovu visiungane. Kwenye maji yasiyo na chumvi vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapasuka juu bila kubeba kitu cha maana. Wapo wanaonibishia kwamba maji ya Tanganyika yana chumvichumvi. Yana madini mengi kuliko maziwa mengi, ni kweli, lakini hayafikishi hata gramu 1 kwa lita. Tena usijaribu kumwaga chumvi ya mezani ili povu lije. Frontosa si samaki wa baharini.

Nilifanya kazi ya matangi ya maji chumvi miaka miwili kule Dar es Salaam kabla sijarudi nyumbani, na hata huko skima haikuwa mbadala wa bakteria. Skima haiondoi amonia. Inaondoa taka kabla hazijaoza na kuzaa amonia, na amonia ya samaki wenyewe bado inashughulikiwa na bakteria walio kwenye mawe. Kwa hiyo mwenye tangi la chumvi anayenisoma, machache kwako. Usinunue skima kubwa kupita kiasi kwa kudhani itasafisha zaidi. Taka zikiwa chache povu halisimami, linapanda na kushuka tu. Iweke mahali ambapo kina cha maji hakibadiliki, maana kikipanda kidogo tu kikombe kinafurika. Ikiwa mpya, ipe siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya kuigusagusa. Na shingo ya kikombe ifute mara mbili kwa wiki, kwa sababu mafuta yakiganda pale povu linakufa kabla ya kufika juu. Kutia mkono wenye mafuta ndani ya tangi nako kunalizima povu kwa saa kadhaa, kisha mtu anaanza kuzungusha valvu bila sababu.

DHANA: Maji yakiwa maangavu, ni salama.

Amonia haina rangi. Maji ya lile tangi la Mwanga yalikuwa maangavu kama kioo. Nunua kipimo cha matone, upime amonia na nitriti. Bei yake haifiki ya samaki mmoja mzuri.

DHANA: Kubadilisha maji yote kwa mpigo ndiyo usafi wenyewe.

Asilimia 20 hadi 30 kwa wiki inatosha. Ukibadilisha yote unawashtua samaki kwa joto na pH, na ukitumia maji ya bomba bila kuyatoa klorini unawachoma matamvua. Yaache kwenye pipa wazi siku nzima na jiwe la hewa likiwaka, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

DHANA: Maji ya kuchota ziwani moja kwa moja hayana shida, samaki si ndiko walikotoka?

Inategemea umechotea wapi. Samaki hawa wanatoka kwenye miamba yenye maji maangavu. Hawatoki kwenye maji ya mwaloni Kibirizi, penye mafuta ya injini, damu ya samaki na sabuni za wanaofua. Mimi huchota kwa mtumbwi, mbali na ufukwe, asubuhi kabla upepo haujachafua maji, na kamwe sichoti mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku, kwa sababu udongo wote wa vilimani unakuwa umeshukia kando ya ziwa. Nikifika nyumbani napima kwanza, ndipo namimina.