Dojo ya kompyuta ni nini?

Dojo ni neno la Kijapani. Ni ukumbi wa kufanyia mazoezi ya karate au judo, na aliyewahi kuchungulia ukumbi wa namna hiyo anajua kwamba humo hakuna anayenakili kitu kutoka ubaoni. Mwenye mkanda mweusi anaonyesha, mwenye mkanda mweupe anajaribu, anaanguka, anainuka, anajaribu tena. Mwaka 2011, mjini Cork nchini Ayalandi, neno hilo liliazimwa na kupewa kazi nyingine: kutaja mahali ambapo watoto hukutana, aghalabu mwishoni mwa wiki, kujifunza sayansi ya kompyuta kwa vitendo, bila ada, wakisaidiwa na watu wazima waliojitolea.

Hiyo ndiyo maana yake kwa kifupi. Lakini wazazi wengi wakisikia maelezo hayo huelewa kwamba ni twisheni ya kompyuta inayotolewa bure, na hapo ndipo wanapoikosa. Twisheni ina mwalimu, ina mada ya leo, ina mtihani mbele yake. Katika dojo mtoto anachagua anachotaka kutengeneza, iwe mchezo, katuni au ukurasa kuhusu timu anayoshabikia, kisha anajifunza yale yanayohitajika ili kitu hicho kifanye kazi. Kwa Kiswahili neno linaloikaribia zaidi ni uanagenzi. Mwanagenzi kwa fundi cherehani haanzi kwa kusomewa historia ya cherehani. Leo anashona vifungo, kesho pindo, mwezi ujao anakabidhiwa mfuko wa suruali ya mteja, na fundi yuko pembeni akimtupia jicho.

Aliyeanza habari hii ya Cork alikuwa kijana wa sekondari, James Whelton. Alikuwa ameichokonoa iPod Nano, kifaa kidogo cha Apple cha kusikilizia muziki, mpaka ikafanya mambo ambayo walioitengeneza hawakuyakusudia, sifa zikaenea, na wanafunzi wa madarasa ya chini wakaanza kumwomba awafundishe. Akafungua klabu pale shuleni kwake. Baadaye alikutana na Bill Liao, mfanyabiashara mzaliwa wa Australia, na Julai 2011 wawili hao wakaanzisha dojo ya kwanza, iliyo wazi kwa mtoto yeyote wa miaka 7 hadi 17. Jina lake CoderDojo. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, Clare Sutcliffe na Linda Sandvik walianzisha Code Club, klabu zilizokuwa zikifanyika ndani ya shule za msingi baada ya vipindi. Baadaye zote mbili ziliingia chini ya mwamvuli wa Raspberry Pi Foundation, shirika la hisani la Cambridge: Code Club ilijiunga 2015, CoderDojo 2017.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini, alishiriki mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kubuni Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Mtoto alikuwa akimwamuru kobe wa kompyuta, anayechora mstari anapopita: nenda mbele hatua mia, geuka kulia digrii tisini. Akirudia mara nne, kobe amechora mraba. Papert aliamini kwamba mtu hujenga ujuzi kichwani anapojenga kitu kinachoonekana, kitu anachoweza kumwonyesha mwenzake. Mfano aliopenda kuutoa ni vikundi vya ngoma ya samba vya Rio de Janeiro, Brazil, ambako bibi wa miaka sabini na mtoto wa miaka sita hufanya mazoezi katika uwanja mmoja, na kila mmoja anajifunza huku akimfunza mwingine. Ukiielewa samba hiyo, umeielewa dojo.

Sasa neno "kwa vitendo". Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo klabu nyingi zenye nia njema zinapoteleza.

Tuchukue binti wa miaka tisa aliyekaa mbele ya Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, ambayo mtoto huipangia amri kwa kuunganisha vipande vya rangi kama matofali. Kwenye skrini yuko paka wa rangi ya machungwa. Binti amemwambia atembee hatua kumi, na akigonga ukingo ageuke. Paka anatembea vizuri, anafika ukingoni, anageuka, na anarudi miguu juu kichwa chini. Binti anashangaa. Anabofya tena bendera ya kijani. Paka yuleyule, miguu juu.

Mtu mzima aliyesimama nyuma yake anajua dawa yake: kuna kipande kimoja kinachomwamuru paka ageukie kushoto na kulia tu, asizunguke. Ni suala la sekunde tano. Mkono unawasha. Na akikishika kipanya, paka atanyooka, binti atafurahi, na hatakuwa amejifunza chochote isipokuwa kwamba wakubwa wanajua.

Msaidizi mzuri anaiweka mikono mfukoni na kuuliza, "Wewe ungekuwa paka huyu, ungegeukaje?" Binti anasimama. Anageuka kwa miguu yake mwenyewe. Anagundua kwamba kuna kugeuka kwa kuzunguka kama gurudumu na kuna kugeuka kwa kutazama upande wa pili, na kwamba kompyuta haikukosea: imefanya ileile iliyoamriwa. Hapo anarudi kwenye vipande vyake kutafuta. Huenda ikamchukua dakika kumi na tano. Dakika hizo kumi na tano ndizo alizozifuata.

Kanuni hii kule kwenye CoderDojo inaambatana na nyingine: uliza watatu kabla ya kuniuliza mimi. Jiulize, muulize jirani, tafuta, ndipo umwite mkubwa. Si ukali. Mtoto aliyemweleza mwenzake jambo hulishika vizuri zaidi ya alivyolishika kwa kusikiliza, na mtu mzima mmoja anaweza kuhudumia meza nzima bila kukimbia huku na huko.

Na sehemu ya tatu ya maana, "sayansi ya kompyuta". Shuleni somo la TEHAMA kwa sehemu kubwa hufunza matumizi: kuwasha, kuandika barua, kutengeneza jedwali, kutuma baruapepe. Ni ujuzi wa lazima, siudharau. Lakini sayansi ya kompyuta inauliza jambo lingine: mashine inapangaje majina elfu kwa alfabeti, inajuaje kwamba ujumbe umeharibika njiani, inawezaje kubeba picha nzima kwa namba mbili tu, sifuri na moja. Maswali haya mengi hayahitaji kompyuta mezani. Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walilionyesha hilo tangu miaka ya 1990 kwa mkusanyo wa michezo wa CS Unplugged, wenye makao katika Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na mimi nauhesabu kuwa zawadi kubwa kwa nchi ambazo umeme hukatika katikati ya kipindi.

Mmojawapo unachezeka kwa vizibo vya soda. Mpe mtoto vizibo 25 avipange sakafuni, safu tano za vitano vitano, vingine vikitazama juu na vingine vikitazama chini, apendavyo. Kisha sema, "Hii ni rahisi mno, tuongeze kidogo." Mwishoni mwa kila safu ongeza kizibo kimoja, ukihakikisha idadi ya vilivyotazama chini katika safu hiyo ni shufwa: sifuri, viwili, vinne au sita. Fanya hivyo pia kwa kila mstari wa kushuka. Sasa viko 36. Geuka, utazame ukuta, umwambie apindue kizibo kimoja tu. Ukirudi utakitambua mara moja, kwa sababu safu moja na mstari mmoja vimekuwa witiri, na pale vinapokutana ndipo palipoguswa.

Watoto hudhani ni kiinimacho. Waache wadhani hivyo kwa dakika chache, warudie, wabishane, mpaka mmoja agundue kwamba vile vizibo vya nyongeza havikuwekwa ovyo. Hapo ndipo unapowaambia kwamba hesabu za jamii hii ndizo zinazoisaidia kompyuta kugundua data iliyoharibika, na kwamba tarakimu ya mwisho chini ya mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni ya dukani nayo haikuwekwa ovyo: imekokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili mashine ikisoma vibaya ijue. Wataitafuta pakiti ya sabuni wakifika nyumbani.

Kuhusu kompyuta zenyewe, si lazima kila mtoto awe na yake. Wawili kwa moja ni bora mara nyingi, mmoja akishika kipanya na mwingine akisema la kufanya, kisha wabadilishane baada ya dakika kumi. Scratch inaweza kusakinishwa ikatumika bila intaneti. Tena ina Kiswahili: unabadilisha lugha na vipande vinasomeka, kazi iliyofanywa na wafasiri waliojitolea kama ilivyo kwa lugha zake nyingine. Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga hili si jambo dogo, kwani anapambana na kitu kimoja, mantiki ya programu, badala ya viwili. Na hapa niseme: mimi nasema kuandika programu, si "kukodi" kama wengine, maana kodi kwa mtoto wetu ni ya nyumba au ya serikali, na neno linalomtatiza siku ya kwanza si mwenyeji mwema.

Kujitolea nako kuna maana yake. Hakumaanishi mtu yeyote aingie tu. Watoto ni amana, na dojo inayojiheshimu huwachunguza wasaidizi wake kabla hawajakaribishwa, haimwachi mtu mzima mmoja peke yake na mtoto, na huwataka wazazi wa watoto wadogo wabaki ukumbini. Wakibaki, wengi huishia kusaidia. Wala hakumaanishi kwamba kila msaidizi awe mhandisi wa programu. Anahitajika mmoja au wawili wenye ujuzi, kisha wa kuandikisha majina, wa kufungua ukumbi, wa kuleta nyaya za umeme, na mwalimu mstaafu anayejua kumtuliza mtoto aliyekata tamaa. Huyo wa mwisho simbadilishi kwa waandika programu watatu.

Udhaifu wake pia uko hapo hapo. Kazi ya kujitolea inachosha, na klabu inayobebwa na mtu mmoja hufa siku anapohamishwa kikazi au anapopata mtoto. Zinazodumu ni zile ambazo tangu mwezi wa kwanza zina viongozi wawili watatu, na ambazo kijana aliyeingia akiwa na miaka kumi anarudi akiwa na kumi na sita kuwasaidia wadogo. Hivyo ndivyo ilivyoanza kwa Whelton, na hivyo ndivyo vinavyokwenda vikundi vya samba.

Mzazi anayetaka kujua kama klabu ya mtaani kwake ni dojo kweli aende dakika ishirini za mwisho. Meza husogezwa, na anayependa husimama kuonyesha alichotengeneza. Mwaka 2012 CoderDojo ilianzisha hata maonyesho makubwa ya aina hiyo, Coolest Projects, mjini Dublin. Katika ukumbi wa mtaani ni kompyuta moja imegeuzwa kuelekea benchi. Mtoto anabofya, paka anatembea, anafika ukingoni. "Hapa mwanzo alikuwa anarudi kichwa chini," anasema, na bila kuulizwa anaanza kueleza kwa nini.