Kurudisha foki kwenye mradi mama: maana yake na kazi iliyomo

Mradi wa programu huria unamruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo wake wote (maandishi yanayounda programu), kuuweka kwenye hazina yake, yaani mahali msimbo na historia yake vinapohifadhiwa, na kuuendeleza anavyotaka. Nakala hiyo inayojitegemea ndiyo foki. Kazi iliyofanyika kwenye foki ikirudishwa na kupokelewa kule ilikotoka, watumiaji wakabaki na laibrari (msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie) moja badala ya mbili, basi foki imeunganishwa na mradi mama. Foki ni tofauti na tawi. Tawi huishi ndani ya mradi uleule na chini ya watunzaji walewale. Foki ina watunzaji wake, matoleo yake, na mara nyingi hata jina lake.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa hapahapa Mwanza. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi hupumzika. Tuseme vijana wawili wa Nyegezi wanatengeneza programu ya simu ya kuwajulisha wavuvi, na wachuuzi wa mwalo wa Kirumba, giza linaanza lini. Wanatumia laibrari ndogo ya kukokotoa umri wa mwezi, iliyoandikwa na watu wa mbali. Laibrari hiyo hutoa saa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa. Wao wanataka saa za Afrika Mashariki, tena zihesabiwe Kiswahili: mwezi ukichomoza 19:00 hapa kwetu, simu iandike saa 1 usiku. Wanaomba mabadiliko, hawajibiwi, wanafungua foki. Ni haki yao, na hawajamkosea mtu.

Ugumu huja baadaye. Mradi mama ukirekebisha hitilafu, vijana inabidi wayahamishe marekebisho hayo wenyewe. Wao nao wakigundua kosa la hesabu na kulisahihisha, watumiaji wa laibrari ya awali wanaendelea kupata majibu mabaya bila kujua. Kila mwezi unaopita pengo linapanuka, na kurudi kunazidi kuwa kugumu. Kwa maoni yangu, anayefungua foki aanze kurudisha vipande vidogovidogo mapema, hata kama bado hana uhakika kwamba vitapokelewa.

Kazi yenyewe mara nyingi hufanywa kwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Git hutafuta hatua ya mwisho ambayo pande zote mbili zilikuwa sawa, kisha hulinganisha vitu vitatu: hali ile ya zamani, upande huu na upande ule. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu huchukuliwa ulivyo. Uliobadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti, Git haiuamui. Huandika matoleo yote mawili ndani ya faili, ikitanguliza alama <<<<<<<, ikiyatenganisha kwa ======= na kufunga kwa >>>>>>>, kisha humwachia mtu aamue.

Kwenye mfano wetu mgongano utatokea pale saa inapoandikwa. Mradi mama umeongeza sekunde. Vijana wamebadilisha hesabu yote ya saa. Ukichukua upande mmoja, unawavunjia kazi watumiaji wa upande wa pili. Suluhisho la haki ni kuiacha UTC kuwa kawaida ya laibrari, na anayetaka saa za Kiswahili aiombe kwa chaguo la ziada. Jambo lililokuwa la lazima kwenye foki linakuwa la hiari kwenye mradi mama. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, kwa sababu vijana wanapaswa kuiandika upya kazi yao ili imfae hata mtu asiyejua dagaa ni nini.

Upo pia mgongano ambao Git haiuoni kabisa. Mradi mama ukibadilisha vipimo vyake vya pembe kutoka digrii kwenda radiani, na faili waliyoongeza vijana bado inatarajia digrii, hakuna mstari uliogongana. Programu itafunguka vizuri tu, ila mwezi mpevu utaonyeshwa siku isiyo yake. Hilo hunaswa na majaribio, yaani msimbo mfupi unaohakiki majibu ya programu, ndiyo maana msimbo wa foki usirudi peke yake: majaribio yake yaje nao.

Lakini msimbo ukikubali, watu nao lazima wakubaliane. Desemba 2014 baadhi ya watengenezaji wa Node.js, programu ya kuendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari, walijitenga na kuanzisha io.js, wakilalamikia matoleo yaliyochelewa na namna mradi ulivyoongozwa chini ya kampuni ya Joyent. Mwaka 2015 pande mbili zilirudiana chini ya taasisi huru, na Septemba likatoka toleo la pamoja, Node.js 4.0. Namba iliruka kutoka 0.12 hadi 4 kwa sababu io.js ilishatumia 1, 2 na 3. Na si lazima foki ndiyo imezwe. Foki iitwayo EGCS ilichomoka mwaka 1997 kwenye GCC, programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya kompyuta. Kufikia Aprili 1999 ndiyo iliyofanywa GCC rasmi, na njia ya zamani ikaachwa.

Leseni nayo iangaliwe mapema. Laibrari ikiwa chini ya leseni ya MIT, yenye masharti machache sana, na foki ikachanganya ndani yake msimbo wa watu wengine wenye leseni ya GPL, inayodai kazi iliyochanganywa nayo igawiwe kwa masharti yake yaleyale, mradi mama hauwezi kuupokea mchanganyiko huo na kuendelea kuugawa wote kwa masharti ya MIT pekee. Majina ya waandishi yabaki kwenye historia ya mabadiliko. Kubandika kazi ya miezi ya vijana wa Nyegezi kwa jina la mtunzaji mmoja wa mradi mama ni kuwanyima chao.

Muungano ukikamilika, foki isifutwe. Zipo programu za watu wengine zinazoitegemea, na kuifuta ghafla kutazivunja. Hutolewa toleo la mwisho ambalo ndani yake linaita laibrari ya mradi mama, maelezo yanaonyesha jinsi ya kuhama, kisha hazina inafungwa isipokee mabadiliko mapya, ila ibaki wazi kwa kusomwa.